Shoga, umeniuliza Chicago ikoje

Mwanaidi shoga yangu,

Za siku nyingi? Sauti yako nimeisikiliza mara mbili, huyo anayelia nyuma ndo yule wa mwisho? Kakua bana, nibusie.

Sasa hilo swali lako. Mie mwaka wa nne huu nipo huku na bado sijui nikujibu nini, maana ukimwambia mtu wa hapa unakaa Chicago anakuuliza Chicago ya wapi, kama vile Dar ulivyo na Masaki na Mbagala, mtu hawezi kukwambia "Dar" akanyamaza. Mji wameukata vipande 77, walioanza kukata ni wasomi wa chuo kikuu miaka ya 1920, na ramani yao, ikiongezwa vipande viwili tu baadaye, mpaka leo inatumika.

Sie tupo West Ridge, kaskazini kabisa, karibu na barabara ya Devon. Devon ungeiona! Kibao hapa kinasema Gandhi, unatembea kidogo kibao kingine Jinnah, yule mwanzilishi wa Pakistani, kuna kipande kingine cha Golda Meir, yule mama aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli, wote barabara moja na watu chini yao wako bize wanachagua bamia. Nyama halali, bizari, sambusa, vyote vipo. Wiki za mwanzo nimeshika pakiti ya iliki nikajisemea mwenyewe kwa Kiswahili, hee, hii iliki au dhahabu? Babu wa Kihindi pale kaunta hata macho hakunyanyua, akasema, "Chukua ile ndogo mama, hiyo kubwa imekaa sana." Nusura niidondoshe! Kumbe mzaliwa wa Mwanza, kaondoka kijana, siku hizi nikienda kununua chumvi tu natoka baada ya saa zima. Na juu yetu wanakaa Wakongo waliotokea kambi ya Nyarugusu, wao wanasema "banakuya" mie nasema "wanakuja", sukari tunaazimana hivyohivyo.

Ila usidhani mji wote ni huu mchanganyiko wa kwetu. Panda treni ya Red Line kutoka huku juu mpaka mwisho kule kusini, kituo cha mtaa wa 95, we kaa tu uangalie watu, wazungu wanashuka wanashuka, ukipita katikati ya mji behewa limebaki la weusi watupu. Na haikutokea yenyewe. Weusi walipokuja kwa malaki kutoka kusini mwa Marekani walibanwa Bronzeville na jirani zake, nyumba za mitaa mingine zilikuwa na mikataba kabisa kwamba haziuzwi kwa mweusi, mpaka 1948 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikasema mikataba hiyo haina nguvu. Karatasi zimeisha ila treni bado inazifuata. Mitaa mingine nayo inabadilisha watu, Pilsen jina ni la Wacheki, walijenga wao, leo ukishuka ni Kihispania na harufu ya mahindi ya kuchoma utasema upo Tanga.

Ngoja nkuchekeshe. Huku theluji ikianguka, ukishajichimbia nafasi ya kupaki gari na koleo lako unaweka kiti pale, au ndoo, au ubao wa kupigia pasi, basi pako hapo, wanaita dibs. Sheria hairuhusu ila we kiguse uone. Sisi mwaka wa kwanza hatujui kitu, mume wangu kakuta kiti kibovu barabarani, akasema hawa watu wachafu kweli, akakiweka kwenye takataka akapaki. Asubuhi gari imemwagiwa maji usiku kucha, milango yote barafu! Tumekwangua mpaka saa nne, kazini kachelewa, na majirani wanapita wanatusalimia vizuuuri kama hawajaona kitu.

Ukija njoo mwezi wa sita, na dagaa wa Kigoma usisahau, nusu ni ya yule babu nilishamuahidi. Hapa theluji imeanza tena na baba watoto kashatoa kiti chetu cha plastiki stoo, kakiandika na jina kabisa.

Wako,
Zuhura