Asante, kijana wa maziwa uliyepita Kiwira

Sikupata hata jina lako. Ng'ombe wetu alikula lusina (majani ya malisho ya jamii ya kunde) yenye umande, ubavu wa kushoto ukavimba kama ngoma, akalala chini. Wewe ulisimamisha pikipiki yenye madumu. Ulitusaidia kumwinua, ukamgeuza miguu ya mbele iwe upande wa juu wa mteremko, ukamfunga kijiti mdomoni ili atafunetafune, ukamnywesha mafuta ya kula polepole asipaliwe, kisha ukamkanda ubavu mpaka gesi ikatoka. Maziwa ya watu yalikuwa juani, nawe hukuondoka. Pesa ulikataa.

Mama anawasomesha wadogo zangu kwa ng'ombe huyo. Anakuombea. Anayemfahamu kijana huyu amfikishie. Nanyi wafugaji wenzangu, wekeni mafuta karibu na banda, na mkipita kwa jirani mwenye shida, simameni.