Unalipia nini hasa unapolipia barua pepe ya kampuni

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi mteja analiuliza akiwa ameshasimama mlangoni, funguo za gari mkononi: "Gmail ninayo, ya bure, na inafanya kazi. Hiyo ya kulipia ina nini cha ziada?" Ni swali la haki. Anayeuliza ameshapiga hesabu yake: wafanyakazi sita, kila mmoja analipiwa kwa dola, mwezi kwa mwezi, mwaka mzima. Hizo ni hela, na anastahili jibu lililonyooka.

Ugumu ni kwamba jibu lenyewe limebadilika. Fundi aliyejifunza kazi hii mwaka 2007 atakwambia unalipia nafasi ya kutunzia barua, na kwa miaka ile alikuwa sahihi. Leo nafasi ni sehemu ndogo tu ya unachokilipia. Tunaona wateja wanachagua kifurushi kwa kulinganisha GB, wanaridhika, halafu wanapata hasara mahali ambapo hawakupaangalia kabisa. Ndiyo maana tumeona tueleze kwa kirefu, tukitumia zaidi mfano wa huduma ya Google, kwa sababu ndiyo wateja wetu wengi wanayoitumia.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 kikasha cha Hotmail kilikuwa na MB 2, cha Yahoo MB 4. Aliyepitia enzi za intaneti kafe anakumbuka: muuzaji anakutumia picha tatu za gari kutoka Japani, mbili zinafika, ya tatu inamrudia mwenyewe kwa sababu kikasha kimejaa. Ukikaa kwenye kiti, dakika tano za kwanza unazolipia ni za kufuta barua. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ikatangaza Gmail yenye GB 1, na kwa tarehe ile wengi walidhani wanataniwa. Miaka mitatu baadaye, Februari 2007, ikaja huduma ya kulipia kwa ajili ya makampuni, Google Apps Premier Edition, dola 50 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ulipata GB 10, namba ya simu ya kupigia ukikwama, na ahadi kwamba huduma itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda wote. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ahadi hiyo inaacha kama saa tisa tu za kukosekana kwa mwaka mzima. Kwa ofisi iliyokuwa na seva yake chini ya meza, umeme ukikatika na barua zinakatika, ile ilikuwa tofauti kubwa sana. Toleo la bure la makampuni nalo lilikuwepo tangu 2006, ila lilifungwa kwa wateja wapya Desemba 2012, na hadi leo kuna wanaokuja kuliulizia.

Lakini wengi wetu hapa hatukuingia huko mapema. Barua za kampuni zilikuwa zinashushwa kutoka kwenye seva na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta moja ya ofisini, kisha zinafutwa kule zilikotoka. Intaneti ilikuwa ghali na ya polepole, kwa hiyo ulizishusha mara moja ukazisoma bila kuunganishwa. Mpango huo ulifaa hadi siku kompyuta inapokufa. Mteja wetu mmoja, wakala wa forodha, alituletea mashine iliyokuwa inagonga ndani, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Tulipousikia mlio ule tulijua diski imekwisha. Mle ndani kulikuwa na barua za miaka sita: hati za mizigo, makubaliano ya bei, majibizano na meli. Tuliokoa sehemu ndogo tu. Wiki mbili zilizofuata katibu wake alikaa na simu, anampigia mteja mmoja baada ya mwingine, anamwomba kila mmoja amrudishie barua alizowahi kutumiwa. Tulipopita kumwona alikuwa na daftari la mistari, majina upande wa kushoto, alama ya vema upande wa kulia kwa wachache waliorudisha.

Barua zikikaa kwa mtoa huduma, zinakuwa na nakala zaidi ya moja. Hata huko kuna siku mambo yanaharibika. Mwishoni mwa Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua kwenye sehemu ndogo sana ya akaunti za Gmail, asilimia 0.02, na nakala kadhaa ziliathirika kwa mpigo. Kilichowaokoa ni kwamba Google walikuwa wameweka nakala nyingine kwenye kanda za sumaku, ambazo hazikuwa zimeunganishwa na mtandao, kwa hiyo kosa halikuzifikia. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda. Huwa tunalisimulia tukio hilo kwa mteja anayesema barua zake ziko salama kwa kuwa "ziko kwenye kompyuta ya bosi".

Baada ya nafasi, maboresho yakahamia kwenye kufuli. Januari 2010 Gmail ikaanza kusimba mawasiliano yake yote, yaani kuyafunga yasisomwe na mtu wa njiani, moja kwa moja bila mtumiaji kuchagua, jambo kubwa kwa mtu anayefungua barua kwenye mtandao wa hotelini. Septemba 2010 ukaja uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa namba inayokuja kwenye simu yako. Makampuni yanayolipia yalipewa kwanza, watumiaji wa kawaida wakafuata Februari 2011. Kwa sasa kila mtu anao, wa bure na wa kulipia. Tofauti iliyobaki ni nani anayeamua. Kwenye akaunti za bure kila mfanyakazi anajiamulia mwenyewe, na wengi hawauwashi. Kwenye huduma ya kulipia msimamizi analazimisha mara moja kwa ofisi nzima, na asiyeuwasha haingii. Tunashauri msitegemee namba za SMS. Laini ya simu ikisajiliwa upya mikononi mwa mwizi, namba zote zitamfuata yeye. Kuna programu ya kutoa namba ndani ya simu yenyewe, na tangu 2023 kuna pia ufunguo wa kuingilia kwa alama ya kidole, bila kuandika nywila kabisa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalohalalisha gharama kuliko yote: jina lako.

Barua pepe ilibuniwa na watu waliokuwa wanaaminiana. Kanuni za mwaka 1982 za kusafirisha barua hazikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba aliyeandikwa "kutoka kwa" ndiye kweli aliyetuma. Ni sawa na bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina la yeyote. Mteja wetu mwingine anasafirisha mizigo ya transiti kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Siku moja mteja wake wa huko alipokea barua kutoka anwani ya mhasibu, herufi kwa herufi ile ile, yenye ankara sahihi, nembo sahihi, hata ile tabia ya mhasibu ya kumalizia "wako katika kazi". Kilichobadilika ni mstari mmoja: namba ya akaunti ya benki. Bahati nzuri mlipaji alipiga simu kuuliza kwa nini benki imebadilishwa. Tulipokagua tukakuta kwamba akaunti ya mhasibu haikuvunjwa hata kidogo. Mtu alikuwa ameandika tu jina lake nyuma ya bahasha, na hakukuwa na kitu cha kumzuia.

Vitu vya kumzuia vipo vitatu, na vinafanya kazi pamoja. SPF ni orodha unayoibandika hadharani kwenye domeini yako, yaani lile jina la kampuni linalofuata alama ya @ kwenye anwani: matarishi wangu ni hawa, mwingine akija na barua yangu si wangu. DKIM ni lakiri, kama ile iliyokuwa ikigandishwa kwenye bahasha za serikali. Kila barua inayotoka kwako inapigwa muhuri ambao anayepokea anaweza kuuhakiki, na barua ikiguswa njiani muhuri haulingani tena. DMARC ni maagizo kwa anayepokea: ukikuta barua yenye jina langu ambayo haikupita vipimo hivyo, ikatae, na uniletee taarifa. Tunapomwekea mteja kinga hii hatuendi kwenye "ikatae" siku ya kwanza. Tunaanza na ngazi ya kusikiliza tu, wiki kadhaa, tuone ni mifumo gani inatuma barua kwa jina lake. Karibu kila mara tunakuta mmoja aliousahau, kwa kawaida ule wa risiti au wa mishahara. Tukishauhalalisha huo, ndipo tunakaza.

Februari 2024 jambo hili liliacha kuwa hiari. Google na Yahoo walianza kudai kila anayetuma awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi kwenda kwao (kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku) awe na zote tatu, pamoja na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Malalamiko ya barua taka nayo yanatakiwa yabaki chini ya asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Wengi waliotupigia simu mwaka ule wakisema "barua zetu haziendi tena" walikuwa kwenye huduma za bei nafuu za tovuti, ambako kampuni nyingi zinatuma kupitia anwani moja ya seva. Mmoja akituma takataka, wote wanatiliwa shaka.

Tuseme ukweli kuhusu mpaka wake. Kinga hii inazuia mtu kutumia jina lako lenyewe. Haimzuii kununua domeini inayofanana na yako, herufi moja ikiwa imebadilishwa. Kwa hilo dawa bado ni simu: akaunti ya benki ikibadilika, piga namba unayoifahamu, usipige ile iliyoandikwa kwenye barua.

Jambo jingine ambalo limekua kimya kimya ni umiliki. Afisa mauzo anayetumia Gmail yake binafsi siku akiondoka anaondoka na wateja, bei na ahadi zote, wala si lazima awe na nia mbaya. Kwenye huduma ya kulipia akaunti ni ya kampuni. Msimamizi anabadilisha nywila, anahamishia barua kwa anayeingia, na anwani ya zamani inaendelea kupokea. Mfanyakazi akifuta barua, zinakaa siku 30 kwenye kapu la taka. Akizitoa na humo, msimamizi bado ana siku 25 za kuzirudisha. Ukifuta akaunti nzima kwa bahati mbaya una siku 20. Tunaomba mzishike namba hizi, kwa sababu wanaotupigia siku ya 26 ni wengi na hatuna la kuwafanyia. Kwa nchi zetu hili lina uzito wa kisheria pia: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga ya kwake 2022, na taarifa za wateja zilizosambaa kwenye akaunti binafsi za wafanyakazi ni vigumu kuzitolea maelezo.

Yapo na madogo yanayopendwa: kurudisha barua uliyokwishatuma ndani ya sekunde 30, ambayo ilianza kama jaribio 2009 na kuwa rasmi 2015, na kupanga barua iondoke kesho asubuhi, tangu 2019. Ni mazuri, ila wa bure anayo pia, kwa hiyo usiyalipie.

Si kila badiliko limetufurahisha. Jina limegeuzwa mara kwa mara, G Suite mwaka 2016, Google Workspace mwaka 2020, na kila mara tumelazimika kuwaeleza wateja kwamba ni kitu kile kile. Bei imepanda. Januari 2025 akili mnemba iliingizwa ndani ya vifurushi na gharama ikaongezwa, hata kwa asiyeihitaji. Kwa hiyo hatumsukumi kila mtu huko. Zoho Mail inatosha ofisi nyingi ndogo kwa gharama ndogo zaidi, Microsoft 365 inafaa wanaoshinda kwenye Excel, na Proton ya Uswisi tunaipendekeza kwa mawakili. Duka ambalo oda zake zote zinakuja WhatsApp tunaliambia libaki na Gmail ya bure, liwashe hatua mbili, basi.

Pia usinunue akaunti usizozihitaji. Tumekuta ofisi ya watu wanne inalipia akaunti tisa, kwa sababu kuna ya mauzo, ya uhasibu, ya maulizo na kadhalika. Kwenye Google Workspace mtu mmoja anaweza kupewa majina mengine hadi 30 bila malipo, na yote yakamiminika kwenye kikasha chake. Ofisi ile tuliishusha hadi akaunti nne siku hiyo hiyo.

Ukiamua kuhama, tunaanza Ijumaa saa kumi jioni, barua zikiwa zimepungua. Barua za zamani tunaanza kuzinakili siku kadhaa kabla, na Ijumaa tunageuza tu mwelekeo wa barua mpya. Kwa saa chache baadhi zitaendelea kuingia kwenye kikasha cha zamani, kwa hiyo hatukifungi hadi wiki ipite. Tunachohitaji kutoka kwako ni majina ya wafanyakazi, orodha ya mifumo yote inayotuma barua kwa jina lenu, na namna ya kuingia kwenye akaunti ya domeini. Hiyo ya mwisho iangalie leo. Kama domeini imesajiliwa kwa jina la fundi aliyekutengenezea tovuti zamani, mtafute kwanza yeye, mhamishe umiliki kwa maandishi, halafu ndipo mje kwetu.