Festo, usifunike pipa

Mbinga, 11 Februari

Kwako Festo,

Habari za Dar na joto lake? Huku tu wazima, mvua imerudi, mama anakusalimu na anauliza huyo mwali utamleta lini. Najua nimekaa kimya tangu Krismasi, na deni lako bado ninalo. Leo siandiki habari za deni. Ndunguru ameniambia umemnunulia mama yako vitoto sita vya nguruwe, na umemshauri awapikie majani ili pumba isimfilisi. Mpigie simu sasa hivi, barua utaimalizia baadaye. Mwambie akichemsha awape siku hiyohiyo, kinachobaki amwage. Asifunike kikalala.

Nimepoteza watano, Festo. Watano kati ya tisa niliowaachisha ziwa mwezi uliopita.

Jua liliwaka wiki mbili, mahindi yakasinyaa, halafu mvua ikashuka kwa mkupuo. Unaujua ule mchicha wa nyuma ya banda, unaojiotea wenyewe kwenye samadi? Ukafumuka kama umeitwa. Nami nilikuwa nimekuzia mahindi kwa mbolea ya CAN hapo juu, bila shaka nyingine imesombwa hadi kule bondeni. Nikakata mzigo mkubwa, jioni nikachemsha kwenye lile nusu pipa, nikafunika kwa gunia na kuliacha juu ya mafiga ili asubuhi wapate uji wa vuguvugu. Nikajiona mjanja. Mama miaka yote alichemsha asubuhi na kumwagia majani kwenye bati yapoe haraka, nami nikawa namwambia anamaliza kuni bure.

Asubuhi nikawapa. Chai sikuimaliza. Wa kwanza kuanguka alikuwa Mheshimiwa, yule mnene aliyekuwa akisukuma wenzake hadi wanapanda ukuta. Kisha waliokula karibu naye. Pua na masikio vikageuka rangi ya majivu yenye ubluu, baridi ukiyagusa, wanahema midomo wazi, wanayumba kama wametoka kilabuni. Yule kilema anayekula mwisho ndiye anayeruka ruka hadi leo.

Nilidhani ni sumu. Nikamtazama jirani wa mpakani kwa jicho ambalo... basi, nimeshamwomba radhi.

Bwana mifugo alipofika na bodaboda, watatu walikuwa wameshakufa. Akachanja sikio la mmoja. Festo, damu ilikuwa na rangi ya kahawa. Sisi tunaokoboa kahawa tangu utotoni, sikuwahi kufikiri nitaiona rangi ile mahali pale. Akauliza swali moja tu: "Mchicha huu ulilala?"

Alinifafanulia hivi. Mchicha huvuta naitreti, ile chumvi ya naitrojeni, kutoka kwenye udongo wenye mbolea, na jua kali likifuatwa na mvua hurundikana zaidi. Naitreti yenyewe kwa nguruwe si balaa kubwa. Lakini ikilala kwenye pipa la vuguvugu lililofunikwa, bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na hiyo ndiyo inayoua. Ng'ombe mageuzi hayo humtokea tumboni mwenyewe. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo, kwa hiyo mimi nikamfanyia kazi hiyo kwenye pipa. Naitraiti ikiingia kwenye damu huyaharibu yale madini ya chuma ya himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa, nayo haishiki tena oksijeni. Damu imejaa mwilini lakini mnyama anakosa hewa. Na nguruwe ana kimeng'enya kidogo cha kuirudisha damu katika hali yake.

Dawa yenyewe inaitwa methilini bluu. Hakuwa nayo, na maduka ya mjini hawakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni vitamini C ya sindano. Vitamini C huirudishia chuma kile ambacho naitraiti imekinyang'anya, wala haisubiri kimeng'enya, ila hufanya kazi polepole. Akawadunga watano. Wawili wakatutoka hivyohivyo, watatu kufikia mchana wakasimama. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza: huenda hao walikula kidogo tu. Nimempenda kwa hilo.

Akaniambia pia nisiwakimbize. Mimi nilikuwa nimeshawafukuza banda zima kuwapa maziwa! Mnyama ambaye damu yake haibebi hewa, wewe unamkimbiza.

Basi kila usiku narudi palepale: ingekuwepo hiyo bluu? Methilini bluu ya asilimia 1, kipimo ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, yaani mtoto wa kilo 10 ni mililita 1 hadi 2 tu, taratibu kwenye mshipa. Ukizidisha, dawa yenyewe inaiharibu damu, kwa hiyo ni kazi ya mtaalamu. Na nyama ya aliyedungwa hailiwi upesi. Marekani wanashauri kungoja siku 180. Wangu ningewauza kabla ya hapo, lakini afadhali kumlisha nguruwe anayekojoa kijani kwa ile dawa kuliko kuchimba mashimo matano. Ndiyo, nimewazika. Wapo waliokuja kuniuliza bei ya nyama, majina nitakutajia ukija.

Sasa, ukipita Kariakoo, nakuomba uniulizie methilini bluu ya sindano kwenye maduka ya dawa za mifugo. Ya sindano, si ile rangi ya kutibu samaki. Chupa ni bei gani? Watauza bila cheti, au nimwombe bwana mifugo aandike? Na mama yako majani anachuma wapi, kwenye shamba lenye mbolea? Kisima chake kiko juu ya banda au chini? Maana naitreti ya samadi nayo huingia majini. Umeshampigia? Na hii habari kwamba umeacha kazi, ni kweli au ni Ndunguru tu?

Wako,
Kaspari

N.B. Mama hajasema neno lolote kuhusu kuni. Anachemsha asubuhi, ananitazama.