Barua ya malalamiko: Mliahidi taipureta haitatobolewa

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SETI YA KUGEUZA TAIPURETA KUWA KIBODI YA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwenu seti hiyo. Kabla ya kulipa niliwaandikia kwamba mashine yangu ni Underwood No. 5, nikaambatisha na picha za chini ya vibonye. Mkanijibu kwa maandishi kuwa seti itaingia bila kutoboa wala kukata chochote, na kwamba taipureta itaendelea kupiga chapa kwenye karatasi kama kawaida. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe fedha.

Seti ilipofika, ukurasa wa 9 wa maelekezo ukanitaka nitoboe matundu mawili kwenye fremu ili nifunge ule ukanda wenye visahani vya chuma, unaokaa chini ya vibonye. Nikadhani mmekosea kijitabu. Nilipouliza, fundi wenu akanijibu kuwa ni matundu madogo tu. Madogo kwa nani? Fremu hii ni chuma cha kusubu. Keekee ikienda kombo, chuma cha namna hiyo hakipindi, kinapasuka. Taipureta ya aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1900 na haitengenezwi tena, kwa hiyo sina dukani pa kukimbilia.

Sikutoboa. Niliushikiza ukanda kwa vibanio, nione kama angalau unafanya kazi. Hapo ndipo mengine yakajitokeza.

Mkono wa kibonye ukishuka unagusa kisahani chake kwenye ukanda, sakiti inafunga kupitia fremu, kompyuta inapata herufi. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Lakini chuma kikigusana na chuma hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na programu yenu inahesabu kila mdundo kuwa pigo jipya. Nikiandika "kalamu" napata "kkalaamu". Kibodi za kawaida husubiri mdundo utulie kwanza. Ni kazi ya mistari michache ya programu. Nyinyi mmenijibu mara tatu, kwa maneno yaleyale, kwamba nisafishe kutu. Nilishasafisha. Nimepima kwa maltimita (kipima umeme) kutoka mkono wa kila kibonye hadi kwenye fremu, na vyote 42 vinapitisha umeme vizuri. Tena hakuna herufi inayokosekana. Zinazidi!

Halafu kuna namba 1. Mashine yangu, kama nyingi za zama zake, haina kibonye cha 1. Mpiga chapa alitumia l ndogo, na msomaji hakuona tofauti. Kompyuta inaiona: niliandika l2 kwenye jedwali la hesabu, likagoma kujumlisha. Alama ya mshangao nayo ilipatikana kwa kupiga ritifaa ('), kurudi nyuma hatua moja, kisha kupiga nukta chini yake. Kwenye skrini, kurudi nyuma kunafuta ulichoandika. (Ile ya kwenye "Zinazidi!" nimeiandika kwa kibodi ya kukopa, kama barua hii yote.) Mnawauzia wenye mashine hizihizi, ilhali kijitabu chenu hakina hata sentensi moja inayoeleza 1 ipatikane vipi.

Sumaku ya kibonye cha herufi kubwa, ile ya kuijulisha kompyuta kuwa kimebonyezwa, sitaizungumzia sana. Gundi iliachia siku ya pili, nikaiopoa kutoka tumboni mwa mashine kwa kibano.

Ninachodai ni fedha yangu yote pamoja na gharama ya kuirudisha seti, kwa kuwa bidhaa mliyoleta siyo mliyoieleza. Msinitumie ukanda mwingine. Punguzo mlilonipa kwa oda ijayo silihitaji. Sina taipureta ya pili ya kufanyia majaribio, na hata ningekuwa nayo nisingeileta kwenu. Vilevile ondoeni maneno "bila kutoboa" kwenye tangazo lenu, maana hadi jana yalikuwa bado yapo.

Nimeambatisha nakala ya risiti, ile barua pepe ya ahadi, picha ya ukurasa wa 9 na video fupi ya herufi zikijirudia. Seti imeshafungwa kwenye boksi lake, na ile sumaku imo.

Naomba jibu ndani ya siku 14, na tafadhali lisitaje kutu.

Wenu,
Mnunuzi wa seti