Sindano ya vitamini K ielezwe kliniki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wazazi wanaokataa watoto wachanga wachomwe vitamini K iliwatupia wao lawama zote. Sikubaliani nayo. Mdogo wangu alijifungua alfajiri, akiwa bado anashonwa, muuguzi akamjia na sindano: "Tumchome mtoto au tusimchome?" Ya nini, hakuambiwa. Akakataa. Alikubali mchana, daktari wa zamu alipokaa naye dakika tano tu.

Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini hii inayosaidia damu kuganda, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana ya kutosha. Damu inaweza kuvujia kwenye ubongo wiki kadhaa baadaye, mtoto yuko nyumbani, ananyonya vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 1, sindano moja, kwa kila mtoto.

Naomba kliniki za wajawazito zilieleze jambo hili mimba ikifika miezi saba, baba naye akiwepo (bibi pia, maana ndiye mwenye sauti), na uamuzi uandikwe kwenye kadi kabla uchungu haujaanza.

Mama wa watoto watatu,
Tanga