Kwenye maji ya tope mkaa hauwezi kuwa mshindi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie ile makala yenu ya kulinganisha vitu vya kujaza kwenye filta ya maji ya kunywa, maana mmeiandika kama mashindano, mchanga, zeolaiti (madini yenye vinyweleo), chupa zilizosagwa, mkaa amilifu (ule uliotengenezwa uwe na vinyweleo vingi), alafu mkaa ukatoka mshindi. Mshindi wa nini sasa? Kama ni kutoa harufu na ladha ya klorini sawa, hapo hauna mpinzani, lakini mada ilikuwa maji yenye ukungu, na ukiutanguliza mkaa kwenye maji ya hivyo udongo unauziba kabla haujafanya kazi yake, unaishia kutupa kitu kizima kisa tope.

Wengi tunadhani filta ya mchanga ni kama chekeche, kilicho kikubwa kinabaki juu basi. Lakini chembe za udongo wa mfinyanzi ziko chini ya maikroni 2 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nafasi kati ya punje za mchanga wa nusu milimita ni makumi ya maikroni, yaani zinapita bila hodi. Kinachozikamata ni kunata kwenye punje, na hapo ndo kuna kazi, kwa sababu udongo na mchanga vyote vina chaji hasi so vinasukumana. Tia shabu kwanza, chembe ziungane ziwe madonge, uone mchanga huohuo mliouita dhaifu unavyotoa maji meupe.

Kuna njia nyingine ya mchanga laini bila shabu, maji yanashuka polepole sana, mita 0.1 hadi 0.3 kwa saa wakati filta za kasi zinaenda 5 hadi 15, na juu yake unaota utando wa vijidudu hai ambao unakula hata vimelea. Ila ukiipelekea tope zito inaziba haraka.

Antrasaiti, yale makaa ya mawe magumu, hamkuitaja kabisa, nikashangaa. Mchanga peke yake ukiuosha kwa kupandisha maji kutoka chini, punje ndogo zinatulia juu na kubwa zinaenda chini, kwa hiyo uchafu wote unakwama sentimita chache za mwanzo na filta inachoka mapema. Antrasaiti ni nyepesi, uzito wake ni kama mara 1.5 ya maji na mchanga ni 2.65, so unaweza kuweka punje zake kubwa na bado baada ya kuosha zinarudi juu, uchafu unaingia ndani zaidi, mchanga unamalizia. Chupa zilizosagwa kama punje ni saizi moja na mchanga sioni tofauti kubwa. Zeolaiti ina uso wenye vinyweleo inabeba zaidi kidogo, na amonia inanasa pia.

Sasa mkilinganisha tena wekeni saizi ya punje, kina, kasi ya maji, na NTU, yaani kipimo cha ukungu wa maji, kabla na baada, bila hivyo jedwali lile halisemi kitu. Na msipime kwa kuangalia glasi, jicho linaanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi wakati WHO wanapendelea chini ya 1 kabla ya kutia klorini. Na klorini bado inatiwa, hiyo nayo mliiacha.

Msomaji wenu