Mheshimiwa Waziri, kipindi cha kuketi na mtafiti mchanga kihesabiwe

Kwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kampala.

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Arua. Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili. Februari mwaka huu niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha sita kazi ya utafiti: kila mmoja achague swali lake, asome, ahoji watu, kisha aandike kurasa kumi na tano. Tarehe ya kukusanya, Juni.

Juni ikafika. Kijana mmoja akaniletea kazi iliyopigwa chapa, ina jalada la plastiki, inapendeza macho. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, pana jina la shule nyingine. Hakulifuta kwa kuwa hata hakuusoma ukurasa wenyewe.

Nilimgombeza. Baadaye, nikisahihisha usiku, nikajiuliza tangu Februari niliketi naye mara ngapi. Sikuketi naye hata mara moja.

Msichana mmoja aliponea kwa bahati. Swali lake la kwanza lilikuwa “umuhimu wa fasihi simulizi”, pana kama Nile. Siku moja mvua ilitufungia barazani, tukazungumza dakika kumi hivi, naye akakumbuka kuwa sungura wa bibi yake, katika ngano za Kilugbara, hashindi kila mara kama sungura wa vitabu vyetu. Basi, swali likapatikana. Likizo ilipofika alijua hasa la kumuuliza bibi, akarudi na ngano saba.

Mheshimiwa, nilimsaidia kwa sababu ilinyesha. Ratiba yangu ina vipindi vya kufundisha darasa zima tu. Cha kuketi na mwanafunzi mmoja mmoja hakimo, na kisichomo hakihesabiwi katika mzigo wa mwalimu.

Najua mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza 2020, umeleta kazi za mradi, na waliofanya UCE yake ya kwanza 2024, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, walipanda madarasa ya juu wakiwa wamezizoea. Ila kuendesha swali lako peke yako miezi mingi si sawa na mradi wa kikundi. Vijana wengi si wavivu. Hawajui tu kesho waanzie wapi, na hofu ndiyo inayowapeleka kunakili.

Ombi langu ni kipindi kimoja kila wiki mbili, kihesabiwe kama vingine. Kila anayekuja aje na kitu mkononi, hata nusu ukurasa: swali, orodha ya vitabu, mahojiano, rasimu. Kazi ianze muhula wa pili wa kidato cha tano, iishe muhula wa kwanza wa kidato cha sita, kabla UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, haijameza kila kitu. Maktaba nazo zifunguliwe Jumamosi, maana wa bweni hawaruhusiwi simu. (Kompyuta siombi leo. Daftari la kurasa 96 linatosha.)

Yule kijana wa jalada nilimpa daftari kama hilo aanze upya. Sasa anachunguza maandishi ya kwenye boda boda za hapa mjini. Ameshanakili sitini na mawili. Tunaketi Jumanne, saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa saa nyingine hatuna.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fasihi, Arua